Ndege Hawakulisikia Tangazo

Mpunga ulikuwa umetia maziwa, na mtu aliyewahi kulima bondeni anajua maana yake. Ni zile siku ambazo suke ukilibinya hutoa ute mweupe, na chiriku hushuka kwa makundi kuunyonya kabla haujawa punje. Ukimwachia chiriku siku hizo, usijisumbue kunoa kisu cha kuvunia. Utavuna mapepe, uyapepete yapeperuke, ubaki na ungo mkononi.

Bi Mwanawema alikuwa uani kwake, Mgogoni, amekalia mbuzi ya kukunia nazi, anafinyanga vidonge vya udongo. Bonde la Mgogoni halina mawe, ni tope tupu, kwa hivyo wanawake huviringa udongo mfano wa ndimu ndogo, wakauanika juani mpaka ukawa mgumu. Vidonge hivyo hutiwa kwenye kombeo, na mtu akapanda juu ya dungu, yaani kile kitanda cha miti kilichosimamishwa katikati ya konde, akawarushia ndege kutwa nzima. Kazi hiyo ndiyo kuamia. Mumewe, Nyange, hakuwa na mpinzani katika kuamia, na kombeo lake alilisuka Mwanawema mwenyewe kwa ukindu.

Nyumba ile ilikuwa na watu watano. Wao wawili, na binti yao Siti aliyefiwa na mume mwaka uliopita akarudi kwa wazee wake na watoto wawili wadogo. Chakula chao cha mwaka mzima kilikuwa kimesimama pale bondeni, kijani, kinangoja wiki chache tu.

"Hodi wenyewe!" Alikuwa Sheha Mmanga, mtu wa Serikali pale kijijini, kofia kaiweka upande na uso kaukunja kama aliyetumwa kuleta msiba.

"Karibu Sheha. Kuna habari gani?"

"Habari si njema, Bi Mwanawema. Unguja kumechafuka. Watu wameuana kwa ajili ya kura. Serikali imetangaza hali ya hatari, Unguja na Pemba. Mapanga ya kazi wameyaruhusu, lakini chochote cha kurusha hakitakiwi majumbani. Mikuki, mishale, chochote. Mwenye nacho akasalimishe mjini kwa Mudir."

"Wameuana Unguja, tusalimishe siye?"

"Miye nimetumwa kusema, sikutumwa kujibu," alisema Sheha, akaenda zake nyumba ya pili.

Nyange alikuwa amesimama mlangoni, kayasikia yote. Lo, Nyange! Huyu alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi. Akimkuta mbuzi amelala njiani humwambia "nipishe bwana" kisha akamzunguka. Alitazama kombeo lililotundikwa ukutani, akalitazama tena.

"Mama Siti," alisema, "na hili si la kurusha?"

"Hilo la ndege."

"La ndege, naam, lakini hurusha. Afadhali niende nalo kwa Mudir mwenyewe, nimweleze, anipe ruhusa. Serikali ni kama mwenye nyumba, hupigiwa hodi."

"Weye Nyange una wazimu. Nani kakuuliza? Lifiche uvunguni, ndege wakija ulitoe."

"Kuficha ni kazi ya mwizi," alisema, akaenda kulitafuta kanzu lake la Ijumaa. Alikuwa nalo moja tu.

Mwanawema alimjua. Akimwacha aende peke yake angeweza kusalimisha na nyumba. Basi alijifunga kanga, akatia vidonge vichache kwenye kikapu ili Mudir aone ni udongo, na Nyange akajitwika mkungu wa ndizi wa kumpelekea Mudir, mkubwa wa wilaya.

*

Mkungu uliishia kwa tarishi wa mlangoni. Aliupokea, akauweka nyuma ya meza yake, akawaambia wavue viatu na wakasimame nje ukutani. Walisimama. Jua likawafuata mpaka kivuli chote kikaisha, na watu waliokuja nyuma yao wakaingia na kutoka. Mwanawema aliomba maji. Tarishi akamwonesha mfereji wa bomba ulioko ng'ambo ya uwanja, kisha akamenya ndizi moja akaanza kula mbele yao.

"Mwambie tumechoka," Mwanawema alimnong'oneza mumewe.

"Ana kazi nyingi, maskini," alijibu Nyange.

Walipoitwa, Mudir alikuwa kijana wa kusoma, tarbushi nyekundu, kalamu mbili mfukoni. Pembeni yake alikaa Mzungu mmoja wa polisi, mwekundu kwa joto, anajipepea kwa kofia. Nyange aliinama mpaka kanzu likagusa sakafu, akaliweka kombeo juu ya meza kwa mikono miwili, kama anayetoa zawadi.

"Bwana Mudir, tumesikia amri na tumeitii. Kombeo hili langu la kuamia. Naomba ruhusa yako nimalize mpunga wangu, kisha mkilitaka nilirudishe."

Mudir alilishika kwa ncha za vidole. "Linarusha mbali?"

Hapo ndipo Nyange alipojichimbia shimo. Hakuna mtu wa mjini aliyewahi kumuuliza habari ya kazi yake, na swali lile lilimfurahisha kama mtoto aliyesifiwa chuoni na mwalimu wake.

"Ah, bwana! Nikilitia nguvu, kidonge hufika msikiti ule. Chiriku akiwa juu ya mnazi simkosi."

"Na mtu je?"

Nyange alicheka. "Mtu, bwana? Mtu alivyo mkubwa, nani atamkosa?"

Mwanawema aliufinya mkono wa mumewe kwa nguvu, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mudir alimgeukia Mzungu, akasema naye kwa Kizungu. Mwanawema hakujua Kizungu, ila macho alikuwa nayo, na aliona ile kofia ikiacha kupepea. Mzungu alichukua kidonge kimoja kikapuni, akakigonga mezani, kikalia ko! Akauliza kitu.

"Bwana Inspekta anauliza," alisema Mudir, "huko kwenu wenye hizi ni wangapi?"

"Kila nyumba, bwana. Bonde zima."

"Na risasi zake hizi, anatengeneza nani?"

"Risasi?" Mwanawema hakuweza kunyamaza. "Huo ni udongo, bwana! Tunafinyanga wanawake. Tia maji uone, utayeyuka."

"Nimeuliza anatengeneza nani. Umejibu. Basi." Mudir alifungua mtoto wa meza, akalitumbukiza kombeo ndani, akafunga. Kisha alisimama akampa Nyange mkono. "Wewe ni raia mwema. Serikali inakushukuru. Umetusaidia kujua jambo ambalo hatukulijua."

"Ahsante sana, bwana," alisema Nyange. "Ahsante. Na ruhusa, bwana?"

"Nendeni."

Njia nzima ya kurudi Mwanawema alitangulia mbele, asitake kumtazama mumewe. Masikioni mwake ilikuwa bado inalia ile "ahsante".

*

Gari la askari liliingia Mgogoni kabla wiki haijaisha. Wakapita nyumba kwa nyumba, wakapekua mpaka chini ya vitanda vya wagonjwa, na kila kombeo likatiwa guniani. Vidonge vilivyoanikwa vilikanyagwa kwa buti vikawa vumbi. Bi Mwatima, jirani, alilia akimshika askari mkono, akasukumwa akakaa kitako. Askari mkubwa alikuwa na maelezo yake, na aliyasema kwa sauti ya kutosha ili kila mtu asikie: "Msitulaumu sisi. Mwenzenu ndiye aliyetuambia."

Tangu siku hiyo salamu zilikatika. Nyange akisema "asalaamu alaykum" msikitini, watu walijibu kwa sababu dini inawalazimisha, wakatazama ukuta. Bi Mwatima alikuwa akiomba moto kwa Mwanawema kila asubuhi. Sasa alivuka njia kwenda kuuomba mbali.

Bondeni nako kukawa vita vya mikono mitupu. Mwanawema alipanda dungu na debe bovu, akalipiga na kupiga makelele: "Haaya! Haayaa! Tokaaa!" Wanawake wa makonde ya jirani nao wakapiga yao, kama desturi, huyu akimfukuzia yule, yule akimfukuzia huyu. Siku ya pili askari wakaja. Kumbe wamesikia madebe yanaitikiana, wakasema ni ishara. Ishara ya nini? Hakuna aliyewaambia. Wakachukua madebe. Kisha mmoja akalitazama dungu, akapanda, akaona kuwa mtu akiwa juu pale anaiona barabara yote.

"Huu mnara wa nini?" aliuliza.

"Mnara!" alisema Mwanawema. "Mwanangu, kwenu hamli wali?"

"Tunakula. Shuka."

Walilikata dungu miguu kwa shoka. Madungu yote ya bonde, moja baada ya jingine, yakaanguka juu ya mpunga wenyewe, na chiriku waliokuwa mnazini wakatulia kungoja wakubwa waondoke. Na amri nyingine ikabaki nyuma yao: asionekane mtu bondeni kabla ya jua kupanda, wala baada ya alasiri kumalizika. Ndege, kwa yule asiyejua, hula asubuhi na mapema na jioni. Mchana hulala kivulini.

"Sasa nambie," Mwanawema alimwambia mumewe usiku ule, "umepiga hodi. Umefunguliwa?"

Nyange alikuwa amepakata mjukuu wake, anamtazama vidole.

Mwanawema ndiye aliyepata shauri la mwisho. Alichukua fito mbili, akazifunga msalaba, akajaza majani makavu, akatengeneza sanamu. Lakini sanamu la matambara chiriku wa Mgogoni walishalizoea zamani, hulikalia begani. Walikuwa wakimwogopa mtu mmoja tu, na huyo, Nyange, walimjua kwa nguo yake nyeupe, kwani Ijumaa akitoka msikitini alikuwa akipanda dunguni na kanzu lake. Basi akaenda sandukuni, akatoa kanzu la Ijumaa.

"Hilo n'naswalia," alisema Nyange.

"Utaswali na shuka. Mungu hatazami nguo. Hao wanatazama."

Akalivika sanamu, akalisimamisha katikati ya konde na ufito mmoja umeinuliwa juu, kama Nyange anapozungusha kombeo. Na Wallahi lilifaa! Siku ile nzima chiriku walizunguka konde lao wakashukia kwingine. Siti alicheka kwa mara ya kwanza tangu afiwe. Alilitazama lile sanamu akasema, "Baba kapendeza," na Nyange mwenyewe akatabasamu. Mpunga ulikuwa umebaki nusu, na nusu si haba.

*

Mlio wa bunduki ulisikika jua linazama. Watoto wa Siti walijificha chini ya kitanda. Ukasikika tena. Kisha mbwa wote wa kijiji wakaanza.

Askari wa doria, wakipita barabarani, walikuwa wamemwona mtu wa nguo nyeupe amesimama bondeni wakati wa marufuku, mkono juu, yu tayari kurusha. Wakamwambia ajisalimishe. Hakujisalimisha. Wakamwambia mara ya pili. Wakampiga risasi, na ajabu hakuanguka, wakampiga tena. Walipomfikia wakakuta majani.

Ungedhani mtu mwenye haya atacheka, atafuta jasho na kwenda zake. Hawakucheka. Walikuja nyumbani na lile kanzu limening'inia kwenye mtutu wa bunduki, tundu kifuani, wakauliza la nani.

"Langu, bwana," alisema Nyange, akasimama. "Karibuni."

"Karibuni!" Mwanawema alipiga ukelele. "Nyange, usiwakaribishe hawa!"

"Umeweka mtu wa bandia kuwadanganya askari," alisema yule mkubwa wao, "ili watumie risasi zao bure, wenzako wapate nafasi."

"Wenzangu gani, bwana?"

"Hao utatutajia wewe."

Walimfunga mikono kwa kamba yake mwenyewe ya kukwelea minazi. Kabla hajapanda garini, Nyange aligeuka. Mwanawema alidhani atamuusia mpunga. Alisema, "Mama Siti, wape maji hawa, wamefanya kazi." Mwanawema alitema mate chini. Hakuwapa.

Asubuhi alikwenda kwa Sheha Mmanga. Sheha alikuwa na redio, na watu walikuwa wamejaa barazani pake. Sauti ya redio ilikuwa nzuri, ya mtu aliyekula akashiba. Ilisema kwamba huko Pemba vikosi vya usalama vimezuia jaribio la kuvishambulia, kwamba silaha nyingi za kurusha zimekamatwa, na mtu mmoja anahojiwa. Wananchi wasiwe na wasiwasi.

"Sheha," alisema Mwanawema, "weye umelima na Nyange. Umelala kwetu siku ya mvua. Nenda kawaambie ni majani."

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

Sheha alishusha sauti ya redio kwanza. "Mudir anajua ni majani, Bi Mwanawema. Anajua tangu jana. Lakini Mzungu ameshapiga simu Unguja, na Unguja wameshaipeleka habari mbele. Sasa nani atapiga simu kusema alipiga risasi kanzu?"

Mwanawema alimtazama. Alimwona kofia yake, redio yake, watu waliokaa kimya wakijitia kusikiliza. Akaona kinyaa cha kweli, kile cha kukuta panya ndani ya mtungi uliokwisha kunywa maji yake.

"Basi bora wangelikuwa wajinga," alisema. "Mjinga hufundishwa."

*

Nyange alirudi baada ya mavuno. Nasema mavuno kwa mazoea ya ulimi tu. Mwanawema na Siti waliingia bondeni na visu, wakakata masuke yaliyosimama wima, na suke linalosimama wima halina kitu. Walipopepeta, ungo mzima ulitoa kiganja cha mpunga. Bi Mwatima naye alikuwa akipepeta kwake, na kwa mbali wale wanawake wawili walitazamana. Mwatima akawa wa kwanza kushusha macho. Jioni alikuja kuomba moto.

Nyange hakuwa na jeraha la kuonekana. Alikuwa amekonda, na alikuwa amepata tabia ya kukaa na mgongo ukutani. Hakusema walimfanya nini. Walimrudishia kanzu lake, na Mwanawema akatafuta sindano alitie kiraka.

"Liache," alisema Nyange.

"Utaswalia kanzu lina tundu?"

"Liache, nimesema." Hakuwahi kumwambia mkewe neno kwa namna ile.

Siku chache baadaye kukapigwa mbiu: wanaume kwa wanawake, barazani kwa Sheha, Mudir anakuja. Alikuja na Mzungu wake, na gunia. Tarishi wa ndizi alikuwa nyuma, kabeba meza.

Mudir alisema vizuri sana. Alisema hatari imepita. Alisema Serikali ni baba, na baba mwema humnyang'anya mwanawe kisu kabla hajajikata. "Tangu tulipokusanya silaha hizi," alisema, akalipiga gunia kwa kiboko chake, "hapa Mgogoni halijarushwa jiwe hata moja. Hata moja! Huo ndio ushahidi kwamba tulifanya la haki. Sasa, kwa hisani, Serikali itawarejeshea. Kila mmoja ataitwa, atakiri mbele ya watu kwamba amepokea silaha yake, na ataahidi kuitumia kwa amani. Tutaanza na mzee aliyekuwa wa kwanza kutii. Mzee Nyange!"

Watu waligeuka. Mwanawema hakuogopa wamfunge tena, la. Aliogopa ataipokea. Aliogopa atainama mpaka chini, aseme lile neno lake, ahsante bwana, na yeye Mwanawema alijua kwamba akilisikia leo hatoweza tena kumpakulia chakula mtu huyu, wala kulala naye chumba kimoja. Miaka thelathini ingekatikia pale.

Nyange alisimama, amevaa kanzu. Alikwenda mpaka mezani. Kombeo lilikuwa limelala pale, ukindu wake umefanya ukungu. Akanyoosha mkono, Mwanawema akafumba macho.

"Sema: nimepokea silaha yangu," alisema Mudir.

"Mzee?"

"Miye silaha sina, bwana," ilisema sauti ya Nyange. Mwanawema alifumbua macho. Mkono wa mumewe haukuwa juu ya kombeo. Ulikuwa kifuani, kidole kimeingia katika lile tundu la kanzu mpaka ndani. "Miye nililetea ofisi yako kombeo la ndege. Nyiye mkasema silaha. Nikilipokea leo kwa jina hilo, kesho ntakuwa mtu mwenye silaha. Na mwenye silaha nyiye humpiga risasi, hata akiwa majani. Hili si langu. Kaeni nalo."

"Mzee, hii ni hisani ya..."

Nyange aligeuka akaondoka. Hakuinama. Hakuaga. Alipita katikati ya watu bila ya kumwomba mtu ampishe, na watu wakapisha.

Wengine waliitwa, wakaenda, wakasema walichoambiwa waseme, wakachukua makombeo yao, kwani mwakani kuna mpunga tena na si kila mtu ana mke wa kumsukia jipya. Hawakutazamana walipokuwa wakirudi kukaa. Mwanawema hakuwalaumu. Aliinuka akamfuata mumewe.

Alimkuta amekaa kizingitini. Ndani Siti alikuwa anawamenyea watoto muhogo, chakula chao cha jana na cha kesho. Mwanawema alichukua ukindu, akauroweka katika bakuli, akatoka nao nje, pale pale njiani litakapopita gari la Mudir, akakaa akaanza kusuka.

"Wakikuona?" aliuliza Nyange.

"Waone."

Jioni redio ya Sheha ilitangaza kwamba Pemba yote ni shwari. Hilo walisema kweli. Bonde la Mgogoni lilikuwa kimya, na chiriku hakuonekana hata mmoja. Hapakuwa na kitu walichobakisha.